Mkalimani Mbele ya Mkunga
Wanawake wengi wa Bara Hindi waliohajiri Uingereza, wakiwamo baadhi ya waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 wakalowea Leicester, walipofika mbele ya tabibu na himila zao iliwalazimu waume zao, au hata watoto wadogo, wawe wakalimani wa siri ambazo kwa staha za kwao hazitamkwi mbele ya mwanamume, seuze mbele ya mwana. Ndipo mwaka 1984 ikaanzishwa kampeni ya mama na mtoto wa Kiasia, ikaajiri wanawake wajuao lugha za wazazi hao, wakae baina ya mkunga na mja mzito, wafasiri maneno na, lililo gumu zaidi kwa rai yangu, waifasiri haya yenyewe, ambayo wauguzi wengine waliidhania ujinga.