Mchezo unaosimama katikati: teatri kwa watoto na familia za Masisi na Walikale

Katika parokia zetu nyingi teatri inajulikana kwa sura moja tu: usiku wa Noeli. Kijana mwenye ndevu za pamba ndiye Yosefu, msichana wa kwaya ndiye Maria, watoto wa shule ya Jumapili wanaingia kama wachunga kondoo, mama zao wanacheka, na mambo yanaisha hapo mpaka mwaka ujao. Ni mchezo mzuri, tusiuache. Lakini kuna namna nyingine ya teatri ambayo imekuwa ikizunguka katika Kivu zote mbili kwa miaka karibu ishirini. Wengi wetu tumeiona tukiwa tumesimama kando ya uwanja, bila kujua jina lake wala namna inavyofanya kazi. Inaitwa teatri shirikishi.

Inaendeshwa hivi. Wachezaji wanafika kijijini asubuhi bila mchezo ulioandikwa. Wanatawanyika: mmoja anakaa na mama wanaochota maji, mwingine na vijana wa pikipiki na chukudu, mwingine anamsalimu chifu, mwingine anawasikiliza watoto. Wanauliza swali moja kwa njia nyingi: ni nini kinachowagombanisha hapa? Mchana wanakutana na kutunga hadithi kutokana na yale waliyoyasikia, wakibadilisha majina na mambo yote yanayoweza kumtambulisha mtu. Ngoma inalia, watoto wanakimbilia uwanjani kwanza kama kawaida yao, na watu wanasimama duara. Hakuna jukwaa.

Tuchukue mfano. Mvulana wa miaka 14 amerudi nyumbani kutoka porini, alikokuwa akibeba mizigo na silaha za kundi fulani. Baba yake anampokea nusu nusu. Shuleni hakuna anayetaka kukaa naye benchi moja. Jirani anasema kuku wake wameanza kupotea tangu siku ile. Mambo yanazidi kuharibika, mpaka kijana anachukua mfuko wake na kugeukia njia ya porini. Hapo hapo mwongozaji wa mchezo anapiga makofi na kusimamisha kila kitu. Anawageukia watu na kuuliza: kama ungekuwa mama yake, ungefanya nini? Mtu anapoanza kueleza, mwongozaji anamkatiza kwa heshima: usituambie, njoo utuonyeshe.

Mama mmoja anatoka katika duara, anavaa kitenge cha mchezaji, na mchezo unaanza tena. Wachezaji hawamrahisishii kazi. Baba anabaki mgumu vilevile, jirani anaendelea kulalamika, mwalimu anasema darasa limejaa. Huyu mama akishindwa, mwingine anajaribu. Ndiyo sababu kazi hii inahitaji watu waliofundishwa. Kukariri maneno ni rahisi, lakini kumjibu mtu ambaye hukujua atasema nini, mbele ya watu mia tatu, bila kumwaibisha na bila kumwachia njia rahisi, ni ufundi unaochukua miaka.

Aliyeipa njia hii umbo lake ni Augusto Boal wa Brazili, aliyekamatwa na watawala wa kijeshi wa nchi yake mwaka 1971 na kuishi uhamishoni miaka mingi. Kwetu ililetwa hasa na shirika la Search for Common Ground, linalofanya kazi Kongo tangu 2001 kupitia kituo chake cha Lokole. Mwaka 2006 lilitoa mwongozo wa kufundishia vikundi vya wenyeji teatri ya kutatua migogoro. Vikundi vingi vya Kivu vimejifunza kwa njia hiyo.

Lakini msomaji wa Walikale ana haki ya kutabasamu akisikia kwamba teatri imetoka Brazili. Katika wilaya hiyo, iliyo kubwa kuliko zote za jimbo letu, Wanyanga walikuwa na teatri yao ya familia kabla ya mashirika yote. Msimuliaji wa hadithi ya Mwindo hakukaa kitini akasimulia. Aliimba, alicheza, aliigiza kila mtu wa hadithi kwa mwili wake, mkononi akitikisa kibuyu, huku vijana wakipiga mti mkavu kwa vijiti na watu wote, wadogo kwa wakubwa, wakiitikia. Mwaka 1956 mzee mmoja, Candi Rureke, aliitoa hadithi hiyo yote kwa siku kumi na mbili mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wa Kinyanga. Pamoja na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha aliye Mnyanga mwenyewe, Biebuyck aliichapisha mwaka 1969. Inasomwa leo katika vyuo vikuu vya Marekani, na nadhani inasomwa huko kuliko Walikale.

Hadithi yenyewe ni ya familia iliyovunjika. Shemwindo, chifu wa Tubondo, hataki mtoto wa kiume. Mwindo anapozaliwa, baba anajaribu kumwua, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anaokoka, anakimbilia kwa shangazi yake Iyangura, halafu anamfuata baba yake mpaka chini ya ardhi alikokimbilia. Anampata. Wengi wangetegemea amwue. Badala yake anamrudisha nyumbani, na baba anakiri mbele ya watu wote yale aliyoyafanya. Shangazi naye anasema wazi kosa la kaka yake, kisha baba na mwana wanagawana nchi. Niambieni ni familia gani ya Masisi au Walikale isiyojua jambo kama hilo, tangu vita vya 1993 vilivyoanzia Ntoto mpaka hivi vilivyofika Masisi-centre Januari 2025 na Walikale-centre Machi ya mwaka huo huo.

Najua kwa nini wazee wetu wa kanisa walijiweka mbali na mambo hayo. Ndani yake mna mizimu, na msimuliaji alionekana kuwa anaitumikia. Sisemi tuichukue yote. Lakini tulipoiondoa mizimu tuliondoa pia ule uwanja ambako mtoto na babu walitazama jambo moja na kulijibu pamoja, na sijaona tulichoweka mahali pake.

Maandiko hayaigopi njia hii. Nathani alipotumwa kwa Daudi hakuanza na lawama. Alisimulia juu ya mwana-kondoo wa maskini, akamwacha mfalme mwenyewe akasirike na kutoa hukumu, ndipo akamwonyesha kwamba hukumu ile ni yake. Ezekieli aliigiza kuzingirwa kwa Yerusalemu kwa tofali na bamba la chuma, akalala ubavu mmoja siku 390. Kama angekuja kwenye parokia fulani leo na tofali lake, mashemasi wangemtoa nje.

Kuna hatari za kweli, na kikundi kizuri kinazijua. Ya kwanza ni lugha. Mwizi wa mchezo akisema Kiswahili chenye lafudhi ya Kihunde, au ya Kinyarwanda, au ya Kinyanga, mchezo umekwisha kuwa silaha kabla haujasimamishwa. Heri mtu mbaya na mtu mwema waseme sawasawa. Ya pili ni watoto wenyewe. Ubakaji na mauaji havionyeshwi mbele yao, hata kama mfadhili ameomba mada hiyo. Mtoto aliyekimbia vita hahitaji kuviona tena uwanjani. Anahitaji kucheka kwanza, na hadithi ya sungura na fisi wanaogombania shamba inaweza kusema yote juu ya ardhi bila kumtisha. Ya tatu ni nani amesimama katika duara. Siku ambayo kuna wenye silaha wanaotazama, mwongozaji mwenye akili hamwiti mtu yeyote atoke kusema.

Ya nne inatuhusu sisi wachungaji. Mchezo ukiisha, tusichukue mikrofoni kueleza maana yake. Na vile viti vya wakubwa tunavyopanga mbele viwekwe nyuma, maana watoto wanabaki kutazama migongo yetu.

Tatizo kubwa zaidi ni mkate. Lubumbashi walikuwa na kikundi cha Mufwankolo, kilichocheza kwa Kiswahili cha mji na kudumu miaka mingi kwa sababu redio, televisheni na mji wenyewe vilikihitaji. Vikundi vyetu vinaishi kwa mradi. Mradi ukija kuna fulana mpya na pikipiki, ukiisha wachezaji wanarudi shambani au mgodini, na ule ufundi wa miaka unapotea ndani ya msimu mmoja. Msimuliaji wa Kinyanga alilishwa na waliomsikiliza. Alipewa pombe pia, hilo tuliache, lakini alilishwa.

Mchezaji anayetoka Sake kwenda Nyabiondo na kucheza siku tatu hakulima siku hizo tatu. Bajeti za parokia zetu zina mstari wa sare za kwaya, wa vyombo vya muziki, wa kupokea wageni. Mstari wa teatri unaweza kuanza na mafuta ya pikipiki, chakula na malipo ya siku, kwa kikundi kimoja, wakati wa likizo kubwa ya Julai na Agosti ambapo watoto hawana shule. Parokia tatu za jirani zikichanga pamoja zinaweza kukiita kila mwaka. Uwanja wa kanisa tunao tayari.