Mkosaji Akirudi Kijijini: Pumzi ya Wanyakyusa na Mzigo wa Afisa Uangalizi (Sehemu ya Tano)

Msongamano wa magereza umerudi magazetini. Tangu Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ikabidhi ripoti yake Julai 2023, adhabu mbadala wa kifungo zinatajwa kila mahali. Sheria ya probesheni ya 1947 na ile ya huduma kwa jamii ya 2002 tulikwisha kuzichambua katika sehemu zilizotangulia. Leo ni zamu ya anayezitekeleza, afisa huduma za uangalizi. Ila kabla ya kufika kwake, twende Unyakyusa ya zamani.

Godfrey na Monica Wilson waliofanya utafiti Rungwe kati ya 1934 na 1938 walikuta vijiji vya rika. Wavulana waliondoka kwa baba zao, wakajenga vibanda pamoja, wakawa wanakula kwa mama zao kwa kuzunguka, kundi zima, hadi walipooa na kijiji kukomaa. Aliyemdharau baba yake au kuwanyima wenzake nyama, majirani walimnung'unikia, na manung'uniko hayo yaliaminika kuwa pumzi ya baridi iletayo ugonjwa. Tiba yake ilikuwa kuungama na kuwalisha waliokosewa. Kijiji kilichokasirika ndicho kilichosamehe.

Sisemi zamani ilikuwa pepo. Mgonjwa asiye na hatia alitafutiwa kosa, na aliyeshukiwa uchawi alifukuzwa. Lakini Wajerumani walipojenga boma lao Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, na kuleta mnyororo na kiboko, mkosaji aligeuka kuwa mali ya serikali. Majirani wakazoea kunawa mikono.

Sasa sheria inamrudisha kijijini, na kazi iliyofanywa na kijiji kizima anaachiwa afisa mmoja. Chukua kijana aliyepangiwa kufagia zahanati badala ya kufungwa, afisa akamkuta Kiwira siku ya gulio akipakia ndizi kwenye lori ili ndugu zake wale. Akiripoti mahakamani, huenda kijana akafungwa. Akinyamaza, amevunja wajibu wake. Jioni mama wa kijana anafika na mkungu wa ndizi. Kuukataa ni kumtukana mzazi, kuupokea ni kuelekea kwenye rushwa. Majirani nao, wanaodai afungwe, wakiulizwa habari zake kwa ajili ya taarifa ya mahakama wanajibu hawajui.

Huko ni kukwepa. Anayetaka mkosaji arekebike, naye atoe ushahidi wa kweli, ampe kibarua halali na amwonye uso kwa uso. Mshahara wa afisa haulipii wajibu wa jirani.