Paa Likivuja, Unampigia Nani?

Julai ni mwezi wa kupaua Dar es Salaam. Masika yamekwisha, vuli bado, na barabara za vumbi za Goba, Madale, Kivule na Chanika zinapitika tena. Fuso linashusha mbao, na juu ya boma lililokaa wazi miaka mitatu mafundi wanapiga kenchi huku mwenye nyumba akiwapigia ndugu simu kuwaambia kwamba mwaka huu anahamia.

Paa hilo litakamilika baada ya wiki mbili, tena litapendeza. Mtihani wake utakuja Novemba. Kati ya msumari wa mwisho na tone la kwanza ipo miezi minne, na hapo ndipo ilipo bidhaa halisi ya mkandarasi aliyesajiliwa: anauza ahadi kwamba mvua ikifika atakuwa bado anapatikana. Shida yake ni kwamba wateja wengi wanakwenda sokoni kununua bati, siyo ahadi.

Kazi yenyewe haikosekani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wanaojenga hujenga kidogo kidogo kwa hela ya mfukoni. Ukuta unavumilia utaratibu huo: mwezi huu kozi tatu za tofali, mwezi ujao lenta. Paa halivumilii. Nusu ya paa haina faida kwa mtu yeyote, kwa hiyo mbao, bati, misumari, kofia na ufundi vyote vinadai pesa kwa mkupuo mmoja. Ndiyo sababu jiji limejaa maboma, na ndiyo sababu mwenye nyumba anapofika hatua ya kupaua anakuwa amechoka na anatafuta pa kupunguza.

Bati hawezi kulikwepa. Linatoka kwa wazalishaji wa nchini, kama ALAF iliyoanza mwaka 1960, au kwa waagizaji kutoka nje. Mbao zinashuka kutoka Mafinga na Njombe, na bei yake hupanda pamoja na nauli ya lori. Kinachobaki cha kupunguza ni mtu. Hapo ndipo fundi wa mtaani anapomshinda mkandarasi kabla mazungumzo hayajaanza.

Tazama hesabu yao. Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, na kumkataza asiyesajiliwa kufanya kazi za ukandarasi. Makandarasi wa majengo wamepangwa katika madaraja saba, na kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina ukomo wa thamani ya kazi. Anayetaka kuingia lazima awe na kampuni, mtaalamu mwenye sifa na vifaa, kisha alipe ada ya kila mwaka. Miradi nayo huandikishwa, na wakaguzi wa Bodi wanaweza kusimamisha kazi. Juu ya hayo kuna OSHA, wakala wa usalama kazini, inayotaka mkanda wa usalama kwa kila anayepanda juu, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na michango ya NSSF inayofikia asilimia 20 ya mshahara. Kampuni iliyosajiliwa VAT ikitoza ufundi wa shilingi 3,000,000, asilimia 18 peke yake inaongeza 540,000. Fundi wa mtaani hana hata kimoja cha kuongeza.

Tuwe wakweli: mara nyingi wanaopanda juu ni watu wale wale. Mkandarasi akipata kazi huwaita mafundi hao hao, maana ufundi wa kupaua haukai ofisini. Kwa hiyo asijidanganye kwamba anauza mkono mzuri zaidi. Tofauti iko kwenye vipimo, kwenye karatasi na kwa mtu wa kumdai.

Vipimo kwanza. Nyumba ya mita 12 kwa 10, ukitoa mapaa nje sentimita 60 kila upande, ina eneo la karibu mita za mraba 148 ukiitazama kutoka juu. Lakini bati hulala kwenye mteremko. Paa la nyuzi 15 litahitaji mita za mraba 153; la nyuzi 30 litahitaji 171, na hapo hujahesabu vipande vinavyokatwa kwenye kona na mabonde. Aliyepima kwa macho hurudi duka la vifaa mara mbili, na kila safari mteja analipa nauli.

Kisha geji, somo linalowachanganya wengi kwa sababu namba inakwenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na 30 ni nene kuliko 32. Mkandarasi makini hubeba maikromita mfukoni. Huibana kwenye ukingo wa bati mbele ya muuzaji, anasoma, anaandika. Kifaa hicho kidogo huvunja mazungumzo mengi, hasa pale aliyeagiza mzigo alipokwisha kuahidiwa cha juu na duka. Kwa nyumba za Mbweni au Kigamboni ataulizia pia aina ya mipako, kwa kuwa upepo wa bahari una chumvi. Mipako ya kisasa inayochanganya aluminiamu asilimia 55 na zinki hustahimili kutu kuliko zinki tupu.

Mwisho, msumari. Bati la chuma la mita 6 likipata moto kwa nyuzi 40 zaidi hurefuka karibu milimita 3, na jioni hurudi. Mchezo huo kila siku hulegeza msumari uliopigwa vibaya. Kwenye bati la migongo, fundi anayejua hupiga juu ya mgongo, ambako maji hayatuami, na kuweka mpira chini ya kichwa. Mwenye haraka hupiga bondeni. Julai huwezi kuwatofautisha.

Mteja mkubwa kuliko wote, Serikali, naye amewahi kuchagua njia ya fundi. Mwaka 2021, kwa sehemu ya fedha za UVIKO-19 za shilingi trilioni 1.3, nchi ilijenga madarasa 15,000, sehemu kubwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: shule inanunua vifaa, kamati inasimamia, mafundi wa eneo husika wanapaua. Madarasa yalisimama haraka, na hela ikazunguka vijijini. Makandarasi wadogo walitazama kazi ambayo ingewakuza ikipita pembeni. Hoja ya gharama ina uzito wake. Lakini bati likifunuka, anayebaki na swali ni mwalimu mkuu, na hana mkataba wa kumwonyesha mtu.

Mkandarasi wa paa basi ataishi vipi? Kushindana na fundi kwa bei ni kujimaliza. Njia iliyo wazi ni kuuza ile miezi minne waziwazi. Mikataba ya ujenzi ina vipengele viwili ambavyo wenye nyumba ndogo hawavitumii: fedha ya zuio, yaani sehemu ya malipo inayobaki kwa mteja, na kipindi cha matazamio, muda ambao mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama yake. Kwa paa, kipindi hicho kisihesabiwe kwa miezi tu. Kiandikwe kwamba hakifungwi mpaka vuli moja na masika moja vipite juu ya nyumba. Mkandarasi anayekubali kuacha sehemu ya hela yake huko hana haja ya kueleza kwa nini yeye ni ghali kidogo.

Na mwenye nyumba anayelipa yote siku ya kofia ya mwisho, awe amempa mkandarasi au fundi, aelewe alichonunua: paa la kiangazi.