Daraja la Watu Wasiozoeana

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard aitwaye Mark Granovetter alifanya uchunguzi katika mji wa Newton, karibu na Boston, Marekani. Watu 282 aliowachunguza walikuwa wanaume wenye kazi za kitaalamu, za ufundi na za uongozi, ambao karibuni walikuwa wamebadili kazi. Swali lake kuu lilikuwa jepesi: habari za kazi hiyo mpya zilitoka kwa nani? Zaidi kidogo ya nusu yao, yaani asilimia 56, walizipata kwa mtu waliyemjua, wala si kwa tangazo la gazeti.

Hilo peke yake halishangazi. Lakini Granovetter alipouliza kama mtu huyo alikuwa rafiki, mara nyingi alisahihishwa kwamba hakuwa rafiki, bali mtu wa kufahamiana naye tu. Basi akahesabu. Miongoni mwa waliopata kazi kwa njia hiyo, ni asilimia 17 hivi tu waliokuwa wakionana na mtoa habari walau mara mbili kwa juma. Zaidi ya asilimia 55 walionana naye mara chache, na waliosalia mara moja kwa mwaka au pungufu ya hapo. Makala aliyoandika juu ya jambo hilo yalikataliwa na jarida la kwanza lililopelekewa, yakachapishwa mwaka 1973 katika American Journal of Sociology. Leo ni miongoni mwa maandishi yanayotajwa mno katika elimu ya jamii.

Sababu yake yaweza kuonyeshwa ubaoni. Mwalimu achore nukta tatu na kuziita Asha, Juma na Rehema. Ikiwa Asha ni rafiki mkubwa wa Juma, na tena ni rafiki mkubwa wa Rehema, ni vigumu Juma na Rehema wasijuane. Watakutana nyumbani kwa Asha, arusini au msibani. Kwa hiyo marafiki wa karibu hufanya fundo moja, na ndani ya fundo habari huzunguka tu: analolijua mmoja, wenziwe walikwisha lisikia jana. Sasa achore fundo la pili, mbali na la kwanza. Ni mstari gani utakaoyaunganisha? Kama ungekuwa wa urafiki mkubwa, mistari mingine ingezaliwa kando yake, na mafundo mawili yangekuwa moja. Hivyo mstari ulio daraja pekee kati ya mafundo mawili, karibu siku zote huwa ni wa uhusiano hafifu, kama ule wa mafundi wawili waliokaa benchi moja katika semina ya siku tatu mjini Morogoro, kisha kila mmoja akarudi kwake.

Hapa ndipo ilipo faida ya mwenye kupendekeza, ambayo kwa kawaida haihesabiwi. Granovetter alitambua kwamba mtu anapohama kazi hatoki tu kwa watu wa kwanza na kuingia kwa wa pili, bali pia hufunga kamba kati yao. Mkemia wa maabara ya maji anayempendekeza mwenzi wake wa kikazi katika kiwanda cha saruji amejijengea daraja hadi kiwandani. Ikitokea nafasi, chombo kipya cha kupimia au shida ya kitaalamu, habari zitarudi kwa njia ile ile. Kumpendekeza binamu anayelala chumba cha pili hakujengi daraja jipya, kwa maana habari zake zingefika hata hivyo, wakati wa chakula cha jioni.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa majaribio yaliyofanywa kwa miaka 5 miongoni mwa watu zaidi ya milioni 20 katika LinkedIn, mtandao wa intaneti wa watu wa kazi. Baadhi yao, kwa bahati nasibu, walipendekezewa watu wengi zaidi wa uhusiano hafifu wa kufahamiana nao. Uhusiano hafifu ulisaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya, ila si ule hafifu kupita kiasi. Wa wastani ndio ulioshinda. Aidha, katika shughuli zisizotegemea sana kompyuta, uhusiano wa karibu ulikuwa na nguvu zaidi. Kanuni ya Newton (mji, si mwanafizikia) ina mipaka yake.

Msomaji atauliza: je, huu si upendeleo wa kindugu uliovikwa joho la chuo kikuu? Swali ni la haki. Kazi nyingi za serikali nchini Tanzania hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na huko neno la mtu linapasa kuishia katika kupasha habari kwamba tangazo limetoka. Lakini kwa mwajiri mwingine, mengi hutegemea anachopoteza mwenye kupendekeza. Lori Beaman na Jeremy Magruder walilijaribu jambo hilo mjini Kolkata, India, na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Watu walifanya mitihani ya akili kwa malipo, kisha wakaombwa kila mmoja alete mtu mwingine. Wengine waliahidiwa ujira usiobadilika. Wengine ujira uliofuata ustadi wa huyo aliyeletwa. Hawa wa pili walipunguza kuleta jamaa zao, wakaleta zaidi wafanyakazi wenzao. Na waliofanya vizuri mitihani wakaleta watu hodari.

Nchini Malawi watafiti hao, pamoja na Niall Keleher, waliwaomba waombaji wa kazi ya kukusanya takwimu wapendekeze watu. Wanaume wengi waliwataja wanaume wenzao. Ingedhaniwa kwamba hawakuwajua wanawake wenye sifa; lakini wale walioagizwa wazi kutaja mwanamke waliwataja, na wenye sifa walikuwamo. Waliokuwa huru kuchagua waliendelea kuwataja wanaume, hata walipoahidiwa malipo zaidi kwa kumleta mtu hodari.