Kwa Nini Muhogo Hushindwa na Batobato

Katika mashamba ya chini ya milima ya Uluguru, kama vile Mkuyuni na Matombo, huonekana mihogo yenye majani yaliyojikunja na kuwa na mabaka ya manjano. Huo ni ugonjwa wa batobato. Si uchawi, wala si uchovu wa ardhi. Ulielezwa kwa maandishi mara ya kwanza mwaka 1894, hapa hapa nchini.

Ugonjwa huu huletwa na virusi, vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Huenezwa na inzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani, na pia kwa pingili zilizokatwa katika miche yenye ugonjwa.

Muhogo hauna damu kama mtu, lakini hujilinda. Virusi vikianza kuzaana ndani ya mche, hutoa maagizo yao. Mche huyatambua maagizo hayo, huyakatakata, kisha hutumia vipande vyake kama kielelezo cha kutafuta maagizo mengine ya namna hiyo na kuyaharibu. Lakini virusi navyo hutengeneza protini za kuvikamata vile vipande visifanye kazi. Hapo mlinzi hupokonywa silaha yake.

Aina mbili za virusi zikikutana katika mche mmoja, hatari huzidi, kwa maana kila moja huvunja ulinzi kwa njia yake. Nchini Uganda, miaka ya 1990, mkutano wa namna hiyo uliangamiza mihogo na kuleta njaa.

Hakuna dawa ya kunyunyiza inayoponya mche uliokwisha kuugua. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Wakati wa masika, majani machanga yanapoonyesha dalili vizuri, funga kamba kwenye miche mizima. Kata pingili katika hiyo tu. Usichague wakati wa kiangazi, maana dalili hufifia na virusi vingali shinani.

2. Kagua shamba jipya kila juma kwa miezi mitatu ya kwanza. Mche mgonjwa ung'oe na kuuchoma.

3. Mwulize bwana shamba wako mbegu zinazovumilia ugonjwa.

4. Shirikiana na jirani. Inzi mweupe hajui mpaka wa shamba.

Mche uliopandwa ukiwa mgonjwa hudhoofika tangu mwanzo, na mwenye shamba huvuna mizizi michache. Chagua pingili zako vema, upate chakula cha watoto.