Je, Wajua? Mtoto Anayemwita Kaka "Tata"

Je, wajua kwamba mtoto anayemwita kaka yake "tata" na kitabu "titabu" hana ulimi mbovu? K hutengenezwa nyuma kabisa ya kinywa, mahali ambapo mtoto hawezi kupaona mama anapoongea. T iko mbele, jirani na meno, na ni rahisi kuikamata. Watoto wengi huliacha kosa hili wenyewe kabla ya kutimiza miaka 4. Wasioliacha ndio hupelekwa kwa mtaalamu wa matamshi na lugha, na huko wazazi wengine hushangaa kukuta mtoto amelazwa chali sakafuni. Si mchezo wa bure. Akilala hivyo ulimi unarudi nyuma kwa uzito wake wenyewe, na K iliyokataa kutoka wiki nzima huweza kuchomoka bila kulazimishwa. Wengine hupewa maji wasukutue koo. Wengine hubanwa ncha ya ulimi kwa kijiko kidogo ili sehemu ya nyuma ilazimike kufanya kazi.

Na je, wajua kwamba K hiyo ikishatoka, safari ndiyo kwanza inaanza? Baada ya sauti yenyewe hufuata silabi: ka, ki, ku. Halafu neno, halafu sentensi, halafu maongezi ya kawaida. Mtoto anaweza kusema "kuku" barabara mara 20 mbele ya picha, kisha akafika mlangoni na kupiga kelele, "Mama, tuku!" Mama anakata tamaa, mtaalamu anafunga daftari lake bila wasiwasi. Hatua ya kutoka chumbani hadi mtaani ndiyo ndefu kuliko zote, na haikamiliki kliniki. Inakamilikia jikoni, kwenye daladala na nyumbani kwa bibi.

Je, wajua kwamba picha ya kaa na picha ya taa ni zana ya kazi? Kwa mtoto wa "tata", kaa na taa ni neno moja. Picha mbili zinawekwa mezani, na mtoto ndiye anayeagiza. Anamtaka kaa. Anasema "taa". Mtaalamu anampa taa, bila kumcheka wala kumrekebisha. Mtoto anakunja uso, anairudisha, anajaribu tena kwa sauti kubwa zaidi: "Taa!" Anapewa taa tena. Kinachotokea hapo hakiwezi kuletwa na "sema vizuri" mia moja: mtoto mwenyewe anagundua kwamba sauti moja imemkosesha alichokitaka. Kwa mzazi aliyeketi pembeni inaonekana kama nauli imeteketea kwa mchezo wa picha.

Je, wajua kwamba kukata ngozi ya chini ya ulimi hakumfanyi mtoto asiyeongea aanze kuongea? Ngozi iliyokaza sana inaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na kwa baadhi kutatiza sauti chache. Lakini mtoto wa miaka 2 ambaye haelewi hata "lete kiatu" tatizo lake haliko chini ya ulimi. Halipo kwenye kimeo pia, hata jirani aapeje. Dua ya Nabii Musa ya kufunguliwa fundo la ulimi isomwe, hakuna anayekataza, ila mtoto apimwe masikio pia. Wapo wanaogeuka mlango unapobamizwa na bado hawasikii S wala SH.

Kwa watoto waliowekewa kifaa cha kusikia ndani ya sikio, upasuaji ambao Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuufanya mwaka 2017, kuna hesabu ya ajabu kidogo: umri huanza upya. Mtaalamu huuliza kifaa kiliwashwa lini. Mtoto wa miaka 4 ambaye kifaa chake kina mwaka mmoja hulinganishwa kwanza na mtoto aliyesikia kwa mwaka mmoja. Mzazi asiyejua hivyo atamwona mwanawe yuko nyuma kwa miaka 3, kumbe anakwenda vizuri kabisa.

Na kuna kipimo cha kila asubuhi ambacho hakigharimu senti, kilichobuniwa na Daniel Ling, mtaalamu wa kuwafundisha watoto viziwi kuongea. Mzazi anakaa nyuma ya mtoto, au anaziba mdomo ili usionekane, kisha anatamka sauti 6 moja baada ya nyingine: m, u, a, i, sh, s. Mtoto anairudia kila sauti au anainua mkono. Jana alizisikia zote, leo S imepotea? Betri ya kifaa ikaguliwe kabla ya mtoto kulaumiwa.

Je, wajua kwamba Kiswahili kinaweza kumnyima mtoto alama zake? Tangu mwanasaikolojia Roger Brown wa Marekani achapishe utafiti wake mwaka 1973, wataalamu wengi hupima ukuaji wa lugha kwa urefu wa sentensi. Ukihesabu maneno tu, mtoto anayesema "nimekuona" umempa 1. Hesabu viungo: ni, me, ku, on, a. Mtoto huyohuyo amepata 5. Kwa hiyo ripoti inayosema mtoto wa Kiswahili "bado anatumia neno mojamoja" inafaa kusomwa mara mbili, hasa kama fomu ilitoka ng'ambo.

Mtaalamu wa isimu Kamil Deen, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2005, aliwafuatilia watoto 4 wa Nairobi na kukuta jambo tamu: wadogo wale walidondosha viambishi kwa wingi, lakini ni nadra sana waliweka kisicho chake. Mtoto husema "mekimbia" badala ya "amekimbia". Ni shida kumsikia akisema "nimekimbia" akimaanisha kuku. Hata wakubwa wa Nairobi huidondosha "a" hiyo mara mojamoja. Kwa mtaalamu, kudondosha ni ukuaji unaoendelea. Dawa yake ni nyepesi. Mtoto akisema "kuku mekimbia," mjibu, "Ee, kuku amekimbia, amekwenda wapi?" Usimwambie arudie. Maongezi yaendelee.

Vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya Kiswahili vinahesabika, lakini vipo. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa matamshi ya watoto 24 wa Dar es Salaam, wenye miaka 3 hadi karibu 6, ili mtaalamu awe na cha kulinganishia kisichokuwa Kiingereza. Mwaka huohuo watafiti wa Kilifi, Kenya, walichapisha orodha za maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama. Kwingineko mzazi hupewa orodha ya aina hiyo kwenye karatasi akaijaza. Kilifi mama aliulizwa ana kwa ana, kwa sababu kutojua kusoma hakumzuii mtu kujua mwanawe anasema nini.

Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Zihesabiwe zote. Mwenye maneno 30 ya Kisukuma na 25 ya Kiswahili amevuka 50, kiwango ambacho kliniki nyingi hukitazamia kwa mtoto wa miaka 2. Kumwamuru bibi aache Kisukuma ni kumnyang'anya mtoto nusu ya walimu wake.

Tuje kwenye kigugumizi, kwa kuwa hapo ndipo ushauri wa mtaani umewaumiza watoto wengi. Je, wajua kwamba mwaka 1939, katika kituo cha mayatima mjini Davenport, Iowa, Marekani, watoto 22 waliingizwa kwenye jaribio ambalo baadhi yao, wasio na kigugumizi chochote, waliambiwa kwamba wanacho na wajichunge wanapoongea? Wengi waliopewa maneno hayo walianza kuogopa kufungua midomo. Chuo Kikuu cha Iowa kiliomba radhi mwaka 2001, na mwaka 2007 serikali ya jimbo ilikubali kulipa fidia. "Vuta pumzi, anza upya, tulia," tunayomwambia mtoto kila anapokwama, ina nia njema. Nayo inamwambia kila siku kwamba kuongea kwake kuna kasoro.

Mbinu iliyopimwa zaidi kwa watoto walio chini ya miaka 6 ilizaliwa Sydney, Australia, na imebeba jina la kitongoji cha huko, Lidcombe. Mtabibu wake ni mzazi. Kila siku kwa dakika 10 hadi 15 anaongea na mtoto na kumsifu sentensi ikitoka laini: "Hiyo umeisema vizuri!" Sifa ziwe nyingi, marekebisho machache na ya upole. Jioni mzazi anaandika namba moja, kuanzia 0, yaani hakuna kigugumizi, hadi 9, kigugumizi kikali mno. Mara moja kwa wiki anakwenda na namba zake kliniki. Jaribio la New Zealand lililochapishwa mwaka 2005, lenye watoto 54, lilionyesha kigugumizi kikipungua kwa asilimia 77 baada ya miezi 9. Watoto ambao hawakupewa mbinu hiyo? Asilimia 43. Namba hii ya pili ndiyo ninayoipenda, maana inatuambia kwamba umri nao unatibu, na tiba inapaswa kuushinda umri ili ijivunie.

Kwa wale wanaohofia kwamba mtoto akipewa picha za kuonyesha au ishara za mikono atakuwa mvivu wa kuongea, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yaliwachunguza waliopewa njia hizo. Hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na maneno, na wengi waliongeza. Kilifi, watafiti walikwenda nyumbani kwa watoto wasioweza kuongea na kufundisha familia kutumia picha na vitu vinavyopatikana hukohuko kijijini. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2014. Kikombe kikishikwa na kuonyeshwa, mtoto ameomba maji. Hilo nalo ni lugha.

Wataalamu ni wachache, tukubali. Shahada ya kwanza ya fani hii Afrika Mashariki ilianzishwa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008 tu. Ndiyo maana ukibahatika kupata miadi, aende naye yule anayeshinda na mtoto. Mara nyingi si baba mwenye gari wala mama wa ofisini. Ni dada wa kazi au bibi.

Je, wajua kwamba mtoto anaweza kurudi nyuma baada ya homa, likizo ndefu au mdogo wake kuzaliwa? Sauti iliyokuwa imekaa inayumba, na mara nyingi hurejea. Tofauti kabisa ni mtoto aliyekuwa na maneno yake, akayapoteza na akaacha kuyatumia. Huyo hasubiriwi, awe na umri wowote, apelekwe hospitali.

Na mwisho, fomu ya malengo. Mwaka 1968 Wamarekani Kiresuk na Sherman walileta njia ya kupima malengo ambayo leo inatumika pia kwenye tiba ya matamshi. Mtaalamu na mzazi wanakubaliana kwanza, kwa mfano: ndani ya miezi 3, mtoto aombe maji kwa neno badala ya kuvuta nguo ya mama. Alama zinaanzia -2 na kuishia +2. Mtoto akitimiza hasa kile mlichokubaliana, anaandikiwa 0.