Hamali wa mafuta ndani ya mwili wako, na mlango unaodandiwa na Ebola

Ukipita Umoja jioni, simama kidogo kwa kibanda cha chipsi. Tone la maji likianguka kwenye karai, mafuta yanaruka na muuzaji anakutupia jicho baya. Baadaye, mwenye zamu ya kuosha vyombo nyumbani anamwaga maji baridi kwenye sufuria, na mafuta yanabaki yameng'ang'ania pale pale. Mafuta na maji hayaivi chungu kimoja.

Sasa fikiria hili. Zaidi ya nusu ya uzito wa seli zako ni maji. Lakini kuta zake, zile tando nyembamba zinazotenga sehemu moja na nyingine, zimejengwa kwa mafuta. Mengi ya mafuta hayo hutengenezwa katika karakana moja ndani ya seli, kisha yanahitajika kwingine: kwenye utando wa nje, kwenye mitokondria, kila pembe. Yanavukaje maji?

Tukiwa Fomu Two tulichorewa seli kama yai la kukaanga: mduara, kiini katikati, basi. Picha hiyo ilitudanganya. Seli inafanana zaidi na Pipeline, pale Embakasi, ambako majumba yamebanana hadi unaweza kumpitishia jirani chumvi dirishani. Ndani ya seli pia kuna sehemu ambapo tando mbili zinakaribiana mno bila kugusana, pengo likiwa nanomita 10 hadi 30 hivi. (Gawanya milimita moja mara milioni, upate nanomita moja.) Kwenye pengo hilo ndipo hamali wanapofanya kazi.

Hamali hao ni protini. Kuna wale walio kama bodaboda ya Kayole siku ya mvua: nje kunalowa, abiria amejikunyata chini ya mwavuli. Protini ya aina hii kwa nje inapatana na maji, ila ndani ina mfuko unaopenda mafuta. Inachomoa molekuli moja ya mafuta kwenye utando huu, inaificha, inavuka, inaishusha kule. Mwaka 2003 Kentaro Hanada na wenzake nchini Japani walieleza kazi ya mmoja wao, CERT, anayebeba mafuta yaitwayo seramidi. Mwingine, OSBP, hupeleka kolesteroli na kurudi na mafuta ya aina nyingine, kama matatu ya 58 inayokataa kurudi Buru bila abiria.

Wengine hawabebi kitu. Wanasimama kama mfereji kati ya tando mbili, mafuta yakiteleza ndani yao. Familia ya VPS13 ni ya aina hii, na hitilafu katika VPS13C imehusishwa na ugonjwa wa Parkinson unaompata mtu mapema.

Lakini yule ninayetaka umjue vizuri ni NPC1.

Kolesteroli ya damuni huingia kwenye seli ikiwa imefungwa vifurushi. Vifurushi hufunguliwa ndani ya lisosomu, kituo cha kumeng'enyea vitu. Hapo protini ndogo, NPC2, huiokota kolesteroli na kumkabidhi NPC1, aliyesimama kwenye ukuta wa kituo, naye huipitisha itoke. NPC1 akiharibika, kolesteroli inarundikana kama taka za ploti ambayo lori limeiruka wiki tatu. Watoto wanaozaliwa na hitilafu hiyo, iitwayo ugonjwa wa Niemann-Pick aina ya C, hupoteza polepole uwezo wa kutembea, kuzungumza, hata kumeza.

Mwaka 2011 timu mbili za watafiti zilichapisha katika jarida la Nature jambo lililonifanya nisome mara mbili: virusi vya Ebola huingia kwa kumshika NPC1 huyo huyo. Seli inavimeza, vimeng'enya vinavivua sehemu ya ganda, kisha vinamdandia hamali na kupenya. Seli zilizotoka kwa wagonjwa wa Niemann-Pick hazikuambukizwa. Virusi vya Marburg, jamaa wa Ebola, hutumia mlango huo huo.

Na usidhani haya ni mambo ya mbali. Mwaka 1980 mwanamume aliyekuwa amezuru pango la Kitum, Mlima Elgon, alifariki kwa Marburg hapa Nairobi. Daktari aliyemhudumia akaambukizwa, akapona. Mwaka 1987 mvulana aliyeingia pango hilo naye akafa.

Anayepona hubaki na silaha damuni. Kutokana na damu ya mtu aliyenusurika Ebola mjini Kikwit, Congo, mwaka 1995, wanasayansi walipata kingamwili iitwayo mAb114. Kazi yake ni kuziba sehemu ya virusi inayomshika NPC1. Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa, aliyekutana na Ebola tangu mlipuko wa Yambuku mwaka 1976, alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi hii. Katika majaribio ya mashariki mwa Congo kati ya 2018 na 2019, waliofariki kati ya waliopewa mAb114 walikuwa asilimia 35 hivi. Kwa waliopewa ZMapp, dawa iliyotumika kulinganisha, ni asilimia 50 hivi. Marekani iliidhinisha mAb114 Desemba 2020.

Usishangilie haraka, lakini. Dawa hiyo inalenga Ebola aina ya Zaire. Virusi vya Sudan, vilivyozuka Mubende, Uganda, Septemba 2022 na Kampala Januari 2025, ni aina nyingine, na vilipozuka havikuwa na dawa iliyoidhinishwa. Mabasi ya Kampala hushusha watu Nairobi, na ndege za JKIA hupita juu ya nguo ulizoanika Embakasi.

Basi mbona tusiufunge mlango wenyewe, kwani virusi vyote hivi vinautumia? Watafiti wanajaribu. Panya wa maabara waliokuwa na jeni moja tu nzima ya NPC1 badala ya mbili, wengi walinusurika Ebola na Marburg. Lakini ukiufunga kabisa, kolesteroli inaanza kurundikana, na umeona inavyomfanya mtoto. Kwa hiyo hesabu iliyobaki ni ya siku: mlango ufungwe kwa muda gani, mgonjwa akipigana na virusi, kabla mafuta hayajaanza kuleta balaa lake?